Siku tatu za kula Fes na dada yangu

Dada yangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, arobaini, maulidi: anaitwa, anakuja na masufuria yake, miko yake na wasichana wake wanne, na moto hauzimi mpaka alfajiri. Tanga nzima imekula mkononi mwake. Ukisafiri na mtu wa namna hiyo kwenda kuonja vyakula vya watu, usijidanganye kwamba umekwenda kustarehe. Umekwenda na mkaguzi.

Mimi nilikuwa na kazi ya siku nne Rabat, mji mkuu wa Moroko, mwezi wa Novemba. Yeye alikuwa Muscat kwa shangazi yetu. Akanipigia simu kuniambia kwamba amepika miaka ishirini na ushee kwa ajili ya matumbo ya wenzake, mwaka huu anapanda ndege kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Tukakutana Rabat, tukapanda treni kwenda Fes. Njia nzima alitazama mizeituni dirishani, na kila baada ya muda akaniuliza, "Na hawa nazi wanatoa wapi?" Nikamwambia hawana. Akanyamaza muda mrefu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Usiku wa kwanza tulikula wenyewe, bila kiongozi, na tulijuta. Palikuwa na mkahawa wenye baraza la juu karibu na lango la mji wa kale, kijana mlangoni akituita kwa lugha sita. Tukaletewa tajini, kitoweo chao cha chungu cha udongo, ya kuku na ndimu ya kusindika. Ndimu ilikuwa nzuri. Kuku alikuwa mkavu kama kamba ya katani, na bei yake ingetosha kununua kuku watatu walio hai na banda lao. Dada alitafuna, akameza, akafuta mdomo taratibu. "Kuku huyu amepashwa moto mara tatu," akasema, "na mara zote tatu na mtu mwenye hasira."

Asubuhi yake saa tatu tulikuwa chini ya Bab Boujloud tukimsubiri mtu wa kututembeza. Lango hilo lina picha kila mahali, na wengi hudhani ni la enzi za masultani. Lilijengwa mwaka 1913, Wafaransa wakiwa wameshashika nchi. Vigae vyake upande wa nje ni vya buluu, rangi ya Fes yenyewe, na ukishaingia ukigeuka nyuma unakuta upande wa ndani ni kijani. Ndani ya lango hakuna gari. Mji mkongwe wa Fes ni vichochoro maelfu kwa maelfu, vingine vyembamba hata watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuze bega, na mizigo yote, kuanzia mitungi ya gesi mpaka ngozi mbichi, hubebwa na nyumbu, punda na mikokoteni.

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, jilaba la rangi ya zabibu, kitambulisho cha kazi kimening'inia shingoni. Wauza duka wote walimwita Lalla, ambayo ni heshima tu, kama sisi tunavyosema Bibi au Bi, basi na sisi tukamwita hivyo hivyo. Tulikuwa watano: sisi wawili, mtu na mkewe kutoka Uholanzi, na kijana mmoja wa Kanada mwenye kamera kubwa kama bomba la moshi. Lalla alituambia mambo matatu kabla hatujapiga hatua. Ukisikia mtu anapiga kelele "Balak!" nyuma yako, usigeuke kutazama, jibanze ukutani, maana nyumbu hana breki. Zulia unaweza kubishania bei mpaka magharibi, lakini chakula hakibishaniwi. Na la tatu, pahala pa kwanza msishibe.

Pahala pa kwanza dada yangu alishiba.

Ilikuwa bisara. Kibanda chenyewe hakikuwa na jina wala kiti, ni mzee mmoja na chungu kikubwa kilichoinamishwa juu ya moto ili upawa ufike chini. Bisara ni maharagwe mapana makavu, yale bapa ambayo Waarabu huyaita ful, yamemenywa na kuchemshwa na kitunguu saumu mpaka yanavurugika yenyewe na kuwa uji mzito wa rangi kati ya kijani na njano. Mzee anachota, anazungushia mafuta ya zeituni mabichi, ananyunyiza bizari nyembamba na pilipili nyekundu ya unga, anakupa na mkate wa moto. Ni chakula cha wabeba mizigo na cha msimu wa baridi, na asubuhi ile Fes ilikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Bakuli lilikuwa dirham 7. Dola moja ilikuwa kama dirham 10, piga hesabu mwenyewe.

Dada alionja, akafumba macho. "Huu ni uji wa futari wa watu wasio na nazi," akasema. Akamaliza bakuli, akafuta ukingo kwa mkate, akaongezwa nusu. Kisha akataka kumwonyesha mzee kwamba na yeye anajua kazi, akamwomba kwa Kiarabu chake cha madrasa amwongezee bizari. Mzee akaitikia kwa furaha, akamkung'utia pilipili manga tele. Kumbe kwa Kiarabu cha Moroko lbzar ni pilipili manga, na hiyo bizari nyembamba yetu wao wanaiita kamun. Alikohoa mpaka machozi. Lalla akacheka, akatueleza kwamba hata Waarabu wa kule mashariki hawawaelewi, kwa sababu Wamoroko wanameza irabu.

Baada ya hapo dada akaanza mchezo wake wa siku nzima, kutafuta maneno yetu kwenye midomo ya watu. Soko ni suk. Zafarani ni zafaran. Zeituni, asali, sukari, sabuni, yote yapo, yamekatwa tu mkia. Hamira ni khmira. Alikuwa kama mtu anayekutana na ndugu wa mbali kwenye daladala.

Hatua chache kutoka langoni, upande wa mtaa wa Talaa Kebira, tulipita madrasa ya Bou Inania. Lalla aliitaja harakaharaka kwa sababu ziara yake ni ya chakula, si ya majengo, lakini mimi nikasimama. Ilijengwa miaka ya 1350 na Sultani Abu Inan. Ni sultani huyo huyo aliyeamuru Ibn Battuta, yule msafiri mzaliwa wa Tangier, akae chini Fes na kumsimulia mwandishi mmoja, Ibn Juzayy, yote aliyoyaona duniani, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Na katika yote hayo sisi tumo. Ibn Battuta alifika pwani yetu mwaka 1331: Mogadishu, usiku mmoja Mombasa, kisha Kilwa. Nikamsimulia dada pale pale mlangoni. Nikamwambia kwamba yule bwana wa Tangier alipokuwa Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukamiminwa kwenye sinia la mbao, juu yake mchuzi wa kuku, wa nyama, wa samaki na wa mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na maziwa mgando yenye ndimu za kusindika, pilipili za kusindika, tangawizi mbichi na maembe. Na akasema mtu mmoja wa kule hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba ni wanene sana.

Dada akashika kiuno. "Yaani alikuja, akakirimiwa, akala, kisha akarudi hapa kututangaza kwamba tunakula sana?"

"Hao ni Wamogadishu, dada. Mombasa alisema chakula chao ni ndizi na samaki."

"Alilala usiku mmoja. Angejuaje?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa. Mimi nilikuwa nimepewa saa nne za kuonja mji wenye miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili, na nilikuwa tayari nina sentensi tatu za blogu kichwani.

Tukashuka. Kwenye bucha moja kilikuwa kimetundikwa kichwa cha ngamia, kope ndefu zimefumbwa, kama bibi aliyepitiwa na usingizi kibarazani. Ni tangazo tu: leo kuna nyama mpya. Lalla aliagiza kofta, mwenye bucha akasaga nyama na kipande cha mafuta ya nundu, akatia kotmiri, kitunguu na viungo, akaifunga kwenye karatasi, akapokea pesa, basi. Nilisubiri tukaribishwe ndani. Hakuna ndani. Lalla akavuka kichochoro na karatasi yake mpaka kwa mtu mwingine kabisa mwenye jiko la mkaa, ambaye hauzi nyama hata chembe. Anachouza ni moto wake. Huyu naye hana mkate, mkate ulitoka kwa mama aliyekaa kwenye kigoda pembeni, na zeituni zikatoka duka la nne. Tulikula tumesimama, mafuta yakituchuruzika mpaka viwiko, na nyama ile ilikuwa tamu, nzito kidogo kuliko ya ng'ombe, yenye utamu wa mbali kama ini. Lakini aliyepigwa na butwaa alikuwa dada.

"Watu wanne," akahesabu kwa vidole. "Watu wanne kwa mkate mmoja wa nyama. Mimi hapa ningefanya yote peke yangu."

Lalla akamjibu kwamba hata yeye nyumbani hafanyi yote peke yake, na kwamba ndivyo Fes ilivyo. Kila mtaa wa kale una vitu vitano: msikiti, chuo cha Kurani cha watoto, bomba la maji, hamamu na tanuri. Nyumba haina haja ya kuwa na kila kitu, kwa sababu mtaa unacho. Alilisema hili kama mtu anayesema jua hutoka mashariki. Lakini nadhani hapo ndipo ziara ile ilipogeuka kuwa kitu kingine kwangu. Mpaka wakati ule nilikuwa nafuata vyakula. Kuanzia hapo nikawa nafuata njia ambayo chakula kinapita, nani anampa nani, na nikaona kwamba kazi ya Lalla haikuwa kutuonyesha migahawa. Alikuwa anatupitisha katika mikono ambayo mgeni hawezi kuiunganisha mwenyewe, na ndiyo maana usiku wa jana tulipojaribu peke yetu tuliangukia pahala pekee penye kila kitu chini ya paa moja, na kila kitu kibovu.

Tanuri lenyewe, ferran, hulioni kutoka barabarani. Unaona mlango mfupi mweusi kwa masizi, unainama, unashuka ngazi mbili tatu, joto linakupiga kofi. Ndani palikuwa na mwanga wa moto tu na taa moja. Mwoka mkate alikuwa amesimama ndani ya shimo, sakafu ya tanuri ikawa usawa wa kifua chake, mkononi ana koleo la mbao lenye mpini mrefu kuliko chumba. Kila akivuta nyuma, mpini unatokea mlangoni na wapita njia wanaukwepa bila kuutazama. Ukutani mbao zimepangwa rafu kwa rafu, kila ubao na mikate yake mbichi ya duara, umefunikwa kitambaa cha nyumba yake: cha maua, cha mistari, taulo kuukuu la bafuni. Unga unakandwa nyumbani asubuhi, mtoto anauleta kichwani akienda shule, anaupitia mchana akirudi.

Kijana wa Kanada aliinua kamera. Lalla akaweka kiganja mbele ya lenzi, taratibu, bila kumtazama. "Kwanza salamu," akasema. Tukasalimu, sote, mmoja mmoja. Ndipo mwoka akacheka, akasimama vizuri, akapigwa picha.

Dada aliuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: mikate sitini inafanana, anajuaje upi wa nani? Lalla akatafsiri. Mwoka akavuta ubao mmoja akatuonyesha. Kuna wanaotoboa kwa uma, kuna wanaobonyeza kidole gumba katikati, kuna anayechora mstari. Kisha akasema, kwa tafsiri ya Lalla, kwamba alama ni za wageni na za maharusi wapya. Wenyeji anawajua kwa mkono: huyu hukanda kwa pupa, yule ni mkarimu wa chumvi, huyu mume wake yuko safarini ndiyo maana mikate imepungua miwili. Dada aliitikia kwa kichwa kila sentensi kabla haijatafsiriwa. Lalla akaongeza kwa sauti ya chini kwamba matanuri yanapungua, nyumba nyingi zina oveni za gesi, na mkamwana wake mwenyewe ananunua mkate dukani. Alilisema kama mtu anayemshtaki mkamwana.

Nirudi nyuma kidogo, maana kabla ya tanuri kulikuwa na funduki ya Kaat Smen, pale pale Talaa Kebira, na sitaki kuiruka. Ni ua wa kale wa wafanyabiashara, na ndani yake mna wauza asali na smen. Asali zimepangwa kwenye mapipa: ya maua ya machungwa, ya zaatari, ya mkunazi, na moja ya daghmus, mmea wa jangwani wenye miiba, ambayo mwanzo ni tamu kama zote halafu inawasha kooni kama pilipili. Na smen, neno lile lile tunalosema samli, lakini kitu kingine kabisa. Siagi inatiwa chumvi, inafungwa chunguni, inaachwa miezi, hata miaka, mpaka inanuka kama jibini lililokasirika. Muuzaji akampa dada kijiti anuse. Nilimtazama kwa hofu. Alinusa, akanusa tena, akaomba ya chungu cha pembeni, akanusa, akaonyesha ile ya kwanza. "Hii." Muuzaji akamtazama Lalla, akasema kitu, na Lalla akatuambia kwamba amechagua ya miaka miwili. Kuanzia saa ile dada yangu alitembea Fes kama mjumbe wa nyumba kumi.

Mle mle waliuza pia khlii, nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu, ikalazwa kwenye bizari, kitunguu saumu na giligilani, ikaanikwa juani kisha ikapikwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Kwa macho ni mlima wa mafuta meupe. Kwa mayai asubuhi, basi, sina la kusema. Nilinunua nusu kilo.

Konokono nitayapita haraka, kwa sababu yananihusu vibaya. Chini ya mtaa wa Achabine, ambao zamani ulikuwa wa wauza dawa za mitishamba na sasa ni wa walaji, palikuwa na mkokoteni wenye sufuria la mvuke. Supu ya konokono inapikwa kwa zaatari, anisi, mizizi ya susi, maganda ya machungwa machungu na vingine ambavyo muuzaji hasemi; konokono unamchokoa kwa pini, kisha unakunywa mchuzi wake kama dawa ya kifua. Lalla alitueleza kwamba kwao, katika madhehebu ya Maliki, ni halali. Dada akajibu kwa adabu kabisa kwamba sisi ni Mashafi, hatuli, akaenda kutazama mitungi. Hilo pia Ibn Battuta aliliandika, kwamba watu wa Mombasa ni Mashafi. Mimi nilikula wanne. Ladha ni ya uyoga na bahari. Dada alikuwa amenipa mgongo, na aligeuka wakati nachokoa wa nne. Hakusema neno. Tulipofika mwisho wa kichochoro ndipo akauliza, "Mama ataambiwa na wewe au nimwambie mimi?"

Waliokuwa wamemngoja dada yangu siku ile, bila wao kujua, walikuwa wanawake wa warka.

Warka maana yake karatasi, na ndiyo hasa. Walikuwa wawili, wamekaa kwenye kibaraza kisichozidi upana wa kitanda. Mbele ya kila mmoja jiko la mkaa, juu ya jiko sinia la shaba limefudikizwa. Mkononi bonge la unga laini mno, karibu kuwa maji, lakini linashikamana kama mpira. Mama anaudundisha juu ya shaba: tap, tap, tap, kila mguso unaacha duara jembamba lenye ukubwa wa sahani ya kikombe, duara linapanda duara, mpaka sinia lote limefunikwa na utando usiozidi unene wa ngozi ya kitunguu. Hesabu mpaka kumi. Kingo zinakauka, zinainuka zenyewe. Anashika ukingo kwa kucha mbili, anaubandua mzima, anauweka juu ya wenzake, anapaka tone la mafuta. Na bonge halijaacha kudunda mkono wa pili.

Dada alisimama pale dakika ishirini. Waholanzi walikwenda kununua tende wakarudi. Sisi kwetu, manda za sambusa tunazifanya kwa njia nyingine: unasukuma chapati ndogo ndogo, unazipanga moja juu ya nyingine kwa mafuta na unga katikati, unazisukuma pamoja, unazichoma kidogo kikaangoni, kisha unazitenganisha zingali moto, vidole vinaungua. Shughuli ya watu mia tatu ni manda mia sita. Dada amefanya hiyo kazi tangu ana miaka kumi na mbili, na hapa amekuta watu wanaopata karatasi ile ile bila kusukuma. Akaeleza yake kwa mikono: kusukuma, kupanga, kutenganisha, kupuliza vidole. Mama wa warka alipoona ile ya kupuliza vidole akacheka kwa sauti, akamwonyesha vyake. Ncha zote hazina alama tena, ni laini kama kioo. Dada akanyoosha vyake. Wakavitazama kwa pamoja, vidole ishirini.

Akapewa bonge ajaribu. Mguso wa kwanza uliganda wote kwenye shaba, ukavuta mkono wake, akaungua. Wa pili ulitoka shimo. Mama akamshika kifundo cha mkono, akawa anadundisha mkono wa dada kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. "Shwiya, shwiya." Pole pole. Karatasi moja ilitoka, nene upande mmoja, imepasuka upande wa pili. Dada hakutaka waiuze. Aliila pale pale, tupu.

Warka ndiyo vazi la pastila, na kipande cha pastila ndicho kilichofuata: nyama ya njiwa, siku hizi mara nyingi kuku, imepikwa na kitunguu, zafarani na mayai, ikafunikwa lozi zilizosagwa, ikafungwa kwenye karatasi hizo, ikaokwa, na juu yake, wallahi, sukari laini na mdalasini. Dada akaweka kipande chini. "Nyama na sukari?"

Nikamuuliza mahamri na mbaazi ni nini.

Akanitazama. Akachukua kipande chake. Hakuna aliyezungumza tena mpaka kilipokwisha.

Ziara iliishia kwenye chai, kama kila kitu Moroko. Majani mabichi ya nanaa, majani ya chai ya kijani kutoka China, yaliyozagaa huko miaka ya 1850 pale Vita vya Crimea vilipowafungia wafanyabiashara wa Kiingereza masoko yao na wakaipeleka shehena kwenye bandari za Tangier na Mogador, na sukari inayovunjwa kwa nyundo kutoka kwenye bonge lenye umbo la kofia ndefu. Inamiminwa kutoka juu ili itoe povu. Dada aliipitisha bila masharti.

Siku ya tatu tulikuwa tuondoke na treni ya alasiri. Nilipoamka dada hakuwepo chumbani. Nikamkuta jikoni kwa mama mwenye nyumba tuliyofikia, mikono imezama kwenye sinia la unga mpaka viwiko, mama mwenyewe amekaa pembeni anamenya viazi. "Mgeni siku mbili," dada akaniambia, hata hakugeuka, "ya tatu mpe jembe." Alikuwa amefungua begi lake akatoa hiliki. Dada yangu hasafiri bila hiliki. Ametwanga, ametia kwenye unga na sukari kidogo na siagi kwa kukosa tui. Akafanya mikate miwili, mmoja wa mwenye nyumba. Wa kwetu akaubonyeza vidole vitatu katikati, kama mafiga.

Tukafunika kwa khanga yake, mimi nikabeba ubao. "Balak!" nilipiga kelele mwenyewe, na watu wakanipisha, sijui kwa huruma. Mwoka wa tanuri la mtaa ule, si yule wa jana, alipokea ubao bila swali, akautia kwenye rafu kati ya taulo la mistari na kitambaa cha maua.

Tulirudi adhuhuri. Foleni ilikuwa ya watoto wa shule. Tulipofikiwa zamu sikuwa hata nimefungua mdomo. Akautazama uso wa dada, akageuka, akatuletea ubao na khanga yetu juu yake. Kisha akaleta pua karibu, akanusa, akauliza kitu. Mtoto mmoja nyuma yetu akamjibu kwa kuinua mabega. Dada akafungua mkunjo wa khanga, akampa punje tatu za hiliki. Akazinusa, akazitia mfukoni. Tukalipa dirham 2.

Dada aliumega kwenye treni, karibu na Meknes. Akatafuna kwa muda.

"Haukuumuka vizuri," akasema. "Hamira yao ina haraka."

Akanimegea.